Dua ya Don Evelio kwa Mabwana wa Maji

Wewe uliyeokota daftari hili, lifunge. Kama jicho lako limekwisha kushuka hadi hapa, basi ulimi wako ubaki nyuma ya meno. Usimsomee mtu, hata kwa mzaha, hata mkeo. Mimi ni karani tu. Nina mama mmoja na kazi moja, na maneno ya humu yanaweza kuninyang'anya kazi na kumwongezea mama aibu.

Jumatatu, 4 Machi

Don Evelio ameingia ofisini na karatasi mkononi. Wageni wameandika kwenye mtandao kwamba safari yetu ni nzuri — magofu asubuhi, kuogelea kwenye pango la maji mchana, kanisa na mitaa ya zamani ya mji wetu wa Valladolid jioni — ila "haina roho". Kampuni ya mtaa wa pili ina mzee anayewaombea wageni kwa Kimaya kabla hawajaingia majini. Sisi tuna maboya na taulo.

"Binti," akasema, "wewe si Mmaya?"

Nikasema ndiyo, don Evelio.

"Basi niandikie dua. Fupi. Iwe na jua ndani yake, wageni wanapenda jua. Nitaisoma mwenyewe."

Miaka kumi na tisa anawapitisha watu kwenye magofu yetu na hajui Kimaya cha kuombea maji ya kunywa. Anajua k'iin, jua, kwa kuwa limechapishwa kwenye fulana tunazouza.

Nimekaa na karatasi tupu mpaka saa ya kufunga. Dua naijua. Babu aliisema kila mwaka kwenye mdomo wa pango la Tixkanja, kijijini kwetu, na kibuyu cha saka' mkononi, uji wa mahindi wanaopewa mabwana wa maji. Pango ndilo hilohilo don Evelio analopeleka wageni. Lakini dua ya babu siwezi kumpa. Si huyu.

Niandike kwa nini. Sijawahi kuliandika.

Januari, mgeni mmoja alipoteza saa ya mkononi. Mama alikuwa akipika kwenye banda letu la chakula pale pangoni, mwaka wake wa kumi na moja. Don Evelio alimwita mbele ya wageni wote na wafanyakazi wote, akachukua mkoba wake, akaumimina mezani. Kitana. Vidonge vya presha. Nusu chungwa. Mfuko wa tortilla zilizobaki, mikate ya mahindi ya kulisha kuku wetu. Mgeni mmoja akazipiga picha zile tortilla. Saa haikuwamo. Don Evelio akasema, "Atakuwa amekwisha kuificha," akamfukuza.

Siku ya pili yake Gaspar, dereva, akaikuta saa chini ya kiti cha mbele cha gari — kiti cha don Evelio. Niliiandika kwenye daftari la vitu vilivyosahaulika. Don Evelio akauchana ule ukurasa mbele yangu, polepole, kama mtu anayemenya ndizi. "Mambo yamekwisha, binti. Tusiyafufue."

Nikasema, ndiyo, don Evelio.

Hajui kwamba yule ni mama yangu. Kwake alikuwa "doña wa tortilla", bibi wa mikate tu, miaka yote kumi na moja. Jina langu la mwisho ni la mama, Noh, na liko kwenye kila karatasi anayotia saini. Hasomi. Februari alisimama basini na kuwatakia wageni Krismasi njema, kwa sababu nilimpa kikaratasi cha zamani kwa makosa na hakukitazama kwanza. Anasema kusoma kabla kunaua hisia.

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika. Mkono umeandika, mimi nilikuwa nauangalia tu. Kwa Kimaya, mistari sita. Hapa naiweka maana yake, nijue nilichofanya:

Enyi mabwana wa maji, nisikieni.
xNoh hakuiba.
Jua linalofungwa mkononi lilikuwa chini ya makalio yangu.
Nilijua, nikanyamaza.
Nimemchafua mwanamke aliye safi kuliko mimi.
Mimi ni mwongo.

Na mwisho neno moja peke yake: tuus. Uongo.

xNoh ndivyo wanavyomwita mama kijijini. Don Evelio, akijaribu matamshi, alipolifikia akasimama. 

"Hili Noh ni nini?"

"Kuu, don Evelio. Kitu kikuu."

Sikudanganya. Noh ni ukoo wetu na pia ni ukubwa.

Akafurahi kuona k'iin katika mstari wa tatu, asijue kwamba ni ile saa. "Na hili la mwisho?"

"Hapo wageni wanaitikia."

"Kama amina."

"Kama amina, don Evelio."

Amelikariri mchana kutwa akipita katikati ya meza. Tuus. Tuus.

Ijumaa, 8 Machi

Leo ameisoma pangoni mara ya kwanza. Sikwenda, niliogopa. Gaspar amekuja ofisini moja kwa moja, hata gari hajalifunga.

"Dada Landy, nani aliandika kile kitu?"

Nikasema sijui anazungumzia nini.

"Haya, hujui. Nimepiga chafya mara saba ili nisicheke. Kijana wetu anayekagua maboya amejitumbukiza majini na viatu ili kuficha kicheko. Na wale Wajerumani, watu wazima, wameinua mikono juu wanapiga kelele: Tuus, tuus." Akafuta macho. Kisha akaacha kucheka. "Ile saa niliiona mimi, Landy. Nilinyamaza kwa sababu nina watoto watatu. Sasa yeye ananisemea. Kwa sauti ya padri."

Aliposhika mlango akageuka: "Mama yako amesikia?"

Bado.

Jumatatu, 11 Machi

Nimekwenda. Nimejibanza nyuma ya kibanda cha taulo.

Don Evelio amesimama kwenye ngazi ya juu, shati lake jeupe la guayabera limepigwa pasi, mikono imeelekezwa chini kwenye maji. Anasoma vizuri, lazima nikubali. Pango linamrudishia kila neno. Lilipokuja "mimi ni mwongo" sauti ilishuka chini, ikazunguka ukuta mzima, ikarudi juu na kumpiga usoni. Wageni wakaitikia. Yeye akafumba macho.

Na watu wetu — wauzaji wa nguo zilizotariziwa wameacha bidhaa zao, wapishi wametoka bandani na vijiko, wanaume wa shambani wamesimama na baiskeli. Hakuna aliyecheka. Wanasikiliza kama watu wanaosomewa hukumu.

Garini, tukirudi, don Evelio aliniambia, "Umeona wanavyotulia? Ninawagusa hawa."

Nataka aiseme kila siku. Nataka aiseme hadi ulimi uote sugu. Nilidhani nitaona haya kuandika hivi. Sioni.

Lakini sijala tangu asubuhi. Neno moja tu kutoka kwa mtu mmoja na nimekwisha. Kisasi ni kama kukata pilipili habanero: unaona raha ya kisu, kisha unasahau na kujigusa jicho.

Alhamisi, 14 Machi

Doña Elodia amekuja nyumbani na ndoo ya machungwa. Mara ya kwanza tangu Januari.

Yeye ndiye mkuu wa gremio, chama cha sikukuu ya mtakatifu wetu. Kila mwaka mama ndiye hupika mchuzi mweusi wa bata mzinga wa chama kizima. Mwaka huu doña Elodia alimwambia, "Pumzika kidogo, xNoh." Hakusema mwizi. Angalau angesema. Mama alirudi akayageuza masufuria makubwa, matako juu, na tangu hapo hajakanyaga kinu cha mahindi. Mimi ndiye ninayekwenda kusaga.

Leo wamekaa kwenye vitanda vya bembea wanamenya machungwa. Wamezungumza juu ya mvua, kuku, goti la doña Elodia. Kuhusu mchuzi, kimya. Alipoondoka mama akaniita.

"Elodia ananiambia bosi wako amekuwa mtu wa kuomba dua."

Nikamweleza yote. Nilitarajia atacheka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka naye. Akaendelea kukanda unga.

"Anajua anachosema?"

"Hajui, mama. Ndiyo utamu wake."

"Utamu wako wewe." Akapiga donge la unga kwenye meza. "Kasuku hatubu, mwanangu. Kijiji kimecheka, sawa. Lakini Elodia ameleta machungwa, hajaleta sufuria. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua maneno yale ni ya Landy. Mwana anasema mama yake si mwizi. Mwana gani atasema vingine?"

Nikaokota maganda ya machungwa nikayatupa uani.

Jumapili, 17 Machi

Mama hajakwenda kanisani. Nimekaa naye. Amesema jambo moja tu mchana kutwa, mgongo ameugeuzia moto:

"Alinimimina mezani kwa Kihispania."

Jumanne, 19 Machi

Kesho mchana na usiku vinalingana. Mabasi matano ya wageni waliokwenda kuliangalia jua magofuni yanakuja kwetu. Don Evelio amemwalika mtu wa idara ya utalii na mtu wa redio.

Amesimama mbele ya meza yangu. "Binti, ile dua yangu." Ni yake sasa. "Niandikie maana yake kwa Kihispania. Nitaisoma Kimaya, halafu Kihispania. Weka kwenye bahasha, nipe kesho palepale."

"Hutaki kuiona leo, don Evelio?"

Nilimuuliza. Mungu shahidi, nilimuuliza.

"Kuisoma kabla kunaua hisia."

Nimeandika mbili. Ya kwanza: mabwana wa maji, tunaomba ruhusa, tunakuja kwa heshima. Nzuri, ya kupendeza, mtu wa redio ataipenda. Ya pili ni mistari ileile sita, neno kwa neno, pamoja na tuus. Bahasha zinafanana. Ya kweli nimeikunja pembe.

Gaspar ameziona. Ameichukua ile iliyokunjwa, akaipima mkononi kama papai. "Hii nzito." Akairudisha. "Ukitoa hii, mimi nitasema nilipoikuta ile saa. Mbele ya yeyote. Watoto watakula maharage, wameshayazoea."

Nimemwambia sijaamua.

Jumatano, 20 Machi

Saa sita kasoro robo. Naandika nimekaa kwenye ngazi ya tatu ya pango, daftari gotini, watadhani naandika majina ya wageni.

Wageni wamejaa hadi kwenye kamba ya ukingoni. Mtu wa redio ana kinasa sauti. Gaspar yuko juu, kofia mkononi, kama aliye msibani.

Mama amekuja. Sikumtarajia. Amevaa huipil, gauni lake jeupe lenye maua shingoni, la sikukuu, na mkoba uleule. Doña Elodia yuko ubavuni kwake, na nyuma yao wanawake wanane wa gremio. Don Evelio amewapita karibu kabisa akiwagawia tabasamu. Hakumtambua. Amemwambia, "Karibu, doña." Mama akaitikia kwa adabu.

Kabla hajapanda ngazi ya juu don Evelio alinipa vitu vyake nimshikie, kama kawaida: simu, funguo, miwani. Nikampa bahasha. Nilitia mkono mkobani mwangu nikatoa moja bila kutazama — hapana. Nisijidanganye hata humu. Nilipapasa pembe kwanza.

Anaisema kwa Kimaya sasa, bila karatasi, amekwisha kuikariri. "xNoh hakuiba." Pango linasema naye: hakuiba. Wageni mia mbili wameinua mikono. Tuus. Mama hainui mkono. Anamtazama mdomo.

Amemaliza. Anafungua bahasha. Ameinyoosha karatasi, ameisogeza mbali, ameisogeza karibu. Anajipapasa mfuko wa guayabera.

"Gaspar, miwani yangu iko garini?"

Gaspar amekwenda kutazama. Wageni wanacheka kidogo, kwa upole. Don Evelio naye anacheka. Anasema na mtu wa redio kwamba uzee unaanzia machoni.

Miwani iko mkobani mwangu. Amesahau kwamba alinipa. Naigusa kwa mkono huu wa kushoto.

Gaspar amerudi, mikono mitupu. Ananitazama mimi. Naye alimwona akinipa. Hasemi.

"Basi asome karani wetu," don Evelio ameita. "Landy. Njoo, binti. Wewe unasoma vizuri, una shule."

Nikimpa miwani, ataisoma mwenyewe, au ataona mstari wa pili na kuikunja. Nikisoma mimi, itakuwa tena mwana anamsemea mama yake. Lakini safari hii kwa Kihispania, kwenye kinasa sauti, mbele yake, naye akisikia na kuelewa kila neno, na Gaspar yuko palepale juu. Mama ameufungua mkoba wake. Ameuacha wazi, ameushika mbele kwa mikono miwili, anayetaka atazame ndani.

Ananiita tena. Nasema, nakuja, don Evelio. Sauti yangu imetoka kama ya mtu mwingine.

Daftari namwachia doña Elodia. Wewe utakayelipata, ukihitaji kuniona baada ya leo, usije ofisini, sitakuwapo. Usipige simu, hii niliyo nayo ni ya kampuni. Panda gari la Tixkanja sokoni, teremka penye kinu cha mahindi. Usiulize Landy, Landy wako wengi. Uliza nyumba ya xNoh, anayepika mchuzi wa sikukuu. Kisha watazame nyuso. Wakikuonyesha njia kwa kidole, bila kushusha sauti, ujue nilisoma hadi mstari wa sita. Getini usigonge, mbwa wetu ni mzee na hushtuka. Simama, useme jina lako, na — ananiita mara ya tatu, nakwenda.