Albamu Yetu Isiyo na Filimbi Yako

Pacha wangu Doto,

Simu zangu hupokei, kwa hiyo nakuandikia hadharani. Huenda mtu wa Usinge akakusomea.

Albamu imekwisha. Ilikuwa itoke mwezi uliopita, nikaizuia. Tangu hapo situlii. Nikiketi kwenye kinanda nasimama. Nikitoka kwenda mtaa wa Chemchem narudi kabla sijafanya nilichoendea.

Unakumbuka ilikoanzia. Baba alikuwa fundi wa reli, na mhandisi mmoja mgeni alipohama Tabora alimwachia kasha la santuri za roki za Waingereza wa miaka ya sabini. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima: kinanda kizito kama cha kanisani, fidla nyingi kwa pamoja, ngoma ikihesabu saba pale ulipotegemea nne. Majirani walimwuliza Mama kama gramafoni imeharibika. Sisi tulikuwa tumelala kifudifudi sakafuni, ukaniambia, "Kulwa, hawa hawaimbi, wanasafiri."

Ndipo tukakubaliana kutengeneza yetu, kwa mtindo ule ule wa zamani: wimbo mmoja mrefu, kutoka Tabora hadi Ujiji, kwa njia ya wapagazi. Tukaazima tarumbeta za kwaya. Ukaleta wimbo wa mizigo aliotuimbia Bibi kwa Kinyamwezi akitwanga, ukaupiga kwa filimbi yako ya mwanzi.

Nami nikaifuta. Nilitaka albamu isikike kama imetoka kwenye lile kasha, na sauti ya filimbi yako ilikuwa juu kidogo ya ile ya kinanda, tena ikiyumba. Sikukuuliza. Nikaweka filimbi ya kompyuta, safi. Ulipoisikia hukugomba. Ulisema tu, "Bibi alikuwa akihema hapo. Umemnyima pumzi." Wiki hiyo hiyo ukaenda Usinge kulima tumbaku.

Nilijiambia utarudi. Kisha nikampigia Mama albamu nzima. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani, akauliza, "Doto yuko wapi humu?"

"Hayumo, Mama."

"Basi hii ni kazi ya wale Wazungu," akasema. "Na wao waliifanya vizuri zaidi."

Alhamisi nilikuja Usinge. Nilikuona shambani na mkeo, mmeinama kwenye matuta. Maneno nilikuwa nayo tangu nilipopita Kaliua, lakini nilipokuona nikarudi nayo barabarani. Nikapanda gari lile lile lililonileta.

Nayasema sasa. Nilikukosea, na si kwa sababu ya muziki peke yake. Niliionea haya sauti ya nyumbani kwetu, nikaogopa mtu wa mbali atatucheka. Wa mbali hajasikia hata noti moja bado. Aliyesikia ni Mama.

Filimbi ya kompyuta nimeiondoa. Mahali pake pamebaki ngoma tu, dakika mbili, na kila nikifika hapo nazima. Ukikataa kupiga tena, sitamtafuta mwingine, na albamu haitatoka.

Mama anayo sauti ya filimbi yako kwenye simu yake, aliyoirekodi siku ile ulipokuwa ukifanya mazoezi uani. Nimeisikiliza mara nyingi. Nimekipandisha kinanda kikufuate, na sasa narekodi upya vipande vyote, kimoja kimoja, kwa kuifuata sauti yako. Tarumbeta zinanisumbua, hazitaki kupanda. Njoo uniambie kama nimekufikia, au bado niko chini.

Wako niliyezaliwa nawe siku moja,
Kulwa