Nani Ampishe Nani

Jumatatu, 9 Februari

Nimechoka hadi kope. Zamu ya asubuhi kwenye chumba cha kuongozea treni – reli moja, treni mbili, zote zinataka kuingia mjini. Ya mbali inatoka mpakani, siku mbili njiani. Ya mtaani inaleta watu kazini. Kanuni inasema ya mtaani impishe mwenzake, maana ikitangulia inasimama kila stesheni na ya mbali inakwama nyuma yake. Basi naiweka njia ya pembeni, huko vichakani, inangoja. Watu ndani wamebanana, wananilaani bila kunijua.

Mdogo wangu ni mmoja wao, ila yeye ananijua! Kaja jioni amenuna. Kiwanda cha nguo kimempa onyo la mwisho: akikuta geti limefungwa tena, kazi hana. Nikamwambia mimi nafuata kanuni tu. Akaniuliza kama hiyo kanuni ina watoto wa kulisha. Nikamtengea chai.

Jumanne, 10 Februari

Kikao. Mkuu wetu wa zamu tunamwita Mzee Kanuni. Anajua, na anaona fahari. Nimeuliza: ya mbali ikiwa imeshachelewa yenyewe, kwa nini ya mtaani isipite? Akasema ya mbali ikichelewa, makao makuu wanapiga simu. Na ya mtaani? Ikishatoka stesheni ya kwanza kwa wakati, inahesabiwa imewahi. Ndiyo maana tunaitoa upesi ikalale vichakani! Treni imewahi, waliochelewa ni watu.

Tukacheka, kicheko cha wachovu. Fundi wa taa akasema dawa ni reli ya pili. Anayasema hayo tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Jumatano

Kichwa kinauma. Zote mbili zimechelewa. Nimelala na viatu.

Alhamisi, 12 Februari

Mama kapiga simu, yuko ndani ya treni ya mbali. Anafika kesho asubuhi. Goti limevimba, hawezi hata kulikunja, na daktari wa mifupa anakuja mjini mara moja tu kwa mwezi – kesho. Mdogo wangu ndiye aliyehangaika kumpatia nafasi. Shemeji atampokea stesheni, ampeleke moja kwa moja. Daktari akishaondoka, basi, mpaka mwezi ujao.

Mama bado anadhani mimi nakata tiketi. Nimemweleza mpaka nimechoka.

Sina raha. Ya mbali ikija kwa wakati wake, ya mtaani haitangoja sana, wote watawahi. Ee Mungu, ije tu kwa wakati.

Ijumaa, 13 Februari

Haikuja. Imechelewa, na sana.

Naandika hapahapa mezani, mwandiko kama wa kuku. Ya mtaani ilikuwa pembeni, imejaa. Mdogo wangu akatuma ujumbe: dada, geti. Neno hilo tu na jina langu la nyumbani. Mzee Kanuni alikuwa ofisini kwake chini, anajibu simu ya makao makuu. Ya mbali ilikuwa inakaribia. Ningengoja kidogo tu ingepita, na mama angewahi daktari.

Nikaifungulia ya mtaani njia. Ya mbali nikaiwashia nyekundu.

Nilijiambia mama atangoja. Mama siku zote anangoja. Nimeona aibu hata wakati kidole bado kiko kwenye kitufe.

Sasa ya mtaani inajikokota, stesheni baada ya stesheni. Dereva wa ya mbali ananiuliza redioni kuna nini. Nimemwambia asubiri.

Halafu simu yangu. Mama. Sauti imekauka. Wamesimama porini, anasema, jua limeanza kuwaka, goti linamwuma na daktari ataondoka. Nikamwambia avumilie kidogo.

"Mwanangu, wewe si uko hukohuko kwenye matreni? Nenda kwa huyo anayetusimamisha, mwombe. Mwambie, kwani yeye hana mama?"

Nikasema nitamwambia.

Akanishukuru. Akaniombea dua, ndefu, mpaka salio likaisha.

Taa bado nyekundu. Naweza kuiweka ya mtaani njia ya pembeni stesheni inayofuata, nimpitishe mama. Geti la kiwanda bado liko wazi. Mzee Kanuni anapanda ngazi, namsikia anavyohema, na mimi bado naandika, kitufe sijakigusa.