Upande Aliopita Zein

Thornton Heath,
London.
Jumanne, 12 Novemba 2024

Kwa Shangazi yangu mpendwa, Bi Time,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Shangazi.

Vipi hali yako? Miguu vipi, ule uvimbe umepungua au bado unalala umeiweka juu ya mto? Na presha je? Dawa unakunywa kweli, au unazitazama tu na kuzirudisha kabatini kama kawaida yako? Sisi huku wazima wa mwili, alhamdulillahi. Baridi imeshaingia, saa kumi tu jua limekuchwa na watu wanawasha taa. Miska anakuamkia sana. Mjukuu wako Asad pia anakuamkia, meno ya mbele yameng'oka yote mawili na anajiona mzee.

Barua hii anakuletea Abdulwakil, mume wangu, mkononi. Utasema Faridah kaingia wazimu, nani anaandika barua siku hizi? Lakini Shangazi, kila nikikupigia simu nikifika kwenye lenyewe unaniambia, "Sikusikii, mtandao mbaya," unakata. Na mimi nawasikia mpaka kuku wako wanaparura uani! Karatasi haina mtandao. Nakuomba usimpe mtu akusomee. Vaa miwani, kaa kitako, usome mwenyewe mpaka mwisho. Ukitaka kunilaani, nilaani ukishamaliza.

Ile kanzu uliyomtumia mwanao Zein imefika wiki iliyopita. Miska kaifungua, ikatoa harufu ya udi nyumba nzima. Kaitundika nyuma ya mlango wa chumbani, na tangu hapo analala sebuleni na mtoto. Wallahi nilikasirika. Nilisema kwa sauti, pale pale, kanzu ya nani hii? Mbona Shangazi anatufanyia hivi?

Na lile neno ulilomwambia Miska kwenye simu, kwamba mwenye kumsalia mwanao asikujue tena, limemfunga mikono na miguu. Mke wa mwanao leo si mke, si kizuka. Anataka kukaa eda, anakuogopa. Akenda madukani watu wanamuuliza Zein hajambo, naye anajibu hajambo. Ninachokuomba ni kimoja tu, nakisema mapema usije ukadhani nazunguka: tupe ruhusa yako tumsalie Zein.

Najua umeyapata vipande vipande, wacha nikupe yote kwa mpango.

Aliyemtia Zein hamu ya milima ni Dhiren, yule Mhindi wa Kisumu mwenye duka la dawa la Rayners Lane alikokuwa akifanya kazi. Dhiren kila mwaka huenda kutembea kwa miguu milimani, kuna kampuni zinazopeleka watu, na viongozi wao, wapishi, mahema, na farasi wa kubeba mizigo. Safari hii ilikuwa Ladakh, kaskazini kabisa ya Bara Hindi. Zein akaoneshwa picha: majabali matupu yasiyo na mti hata mmoja, nyumba za watawa wa Kibudha zimebandikwa juu huko, vitambaa vya rangi vyenye dua vinapigwa na upepo. Akapagawa. Zein huyu huyu, aliyekuwa akingoja lifti kwenda ghorofa ya kwanza! Tulimcheka tukachoka. Akanunua viatu, akawa anavivaa mpaka kwenye kochi ati avizoeshe.

Wewe uliuliza huko milimani kuna nini. Akakujibu, "Hewa, Mama." Mimi nilikuwepo, nilimsikia.

Sasa nikueleze kuta. Si kuta za nyumba. Kule njiani wamepanga mawe kufika kifuani mwa mtu, ukuta mrefu kama baraza ya msikiti au zaidi, na kila jiwe limechongwa maneno ya dua zao. Njia ikifika ukutani inagawanyika, moja inapita huku na moja huku, halafu zinakutana mbele ukuta unapoisha. Desturi yao ni kupita ukuta ukiwa mkono wako wa kulia. Kiongozi wa msafara, Stanzin, mtu wa huko huko, aliwaambia hivyo siku ya mwanzo, na kila mtu akafuata.

Zein akakataa. Akasema, "Mimi mama kaniusia nisiyazunguke mawe ya watu." Akapita upande wa pili, peke yake.

Basi ikawa ndiyo mchezo wao. Kila ukuta, wenzake wanapita huku, yeye anapita kule, na kwa kuwa hana wa kumngoja anafika mwisho kabla yao. Akiwaona wanatokeza anawaambia, "Nyie mnatembea kama mabibi harusi." Siku moja Dhiren akamwambia, "Lakini wewe ndiye unayeyaweka mawe mkono wa kushoto, kama mnavyofanya Makka! Sasa nani kati yetu anazunguka?" Dhiren anasema Zein alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ukuta uliofuata akapita upande ule ule.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imenyesha usiku wake. Stanzin alibaki nyuma na mama mmoja aliyeshikwa na kichwa kwa ajili ya ule urefu wa milima, hivyo Dhiren ndiye aliyekuwa mbele. Wakafika kwenye ukuta, Zein akapunga mkono, akashika upande wake. Wao wakapita, wakafika mwisho, hakuna mtu. Wakacheka kwanza, wakidhani kajificha awatishe. Wakamngoja. Wakamwita. Hakutokeza.

Walipozunguka kumtafuta waliikuta njia haipo. Ardhi imemeguka yote, imekwenda chini, na chini kuna mto wa rangi ya majivu unaokwenda mbio mbio. Walitafuta wanakijiji kwa kamba, wakatafuta askari, ikaja helikopta. Likapatikana begi lake limenasa kwenye jabali. Halafu theluji ikaanguka, njia zikafungwa.

Unakumbuka ulivyompigia Dhiren? Hukumuuliza nani alikuwepo, hukumuuliza wametafuta wapi. Ulimuuliza, "Alipita upande gani?" Maskini Dhiren, Kiswahili chake kinamtosha kusema kweli tu, akakwambia. Na tangu saa ile, Shangazi, kwako wewe Zein yuko hai.

Mimi sikukwambia kama nilikwenda. Nilikwenda na Abdulwakil, kabla theluji haijaziba. Abdulwakil muulize mwenyewe akuchekeshe na habari zake: tulipofika mji wa chini tu alianguka kitandani na ndoo pembeni, akasema akifa azikwe hapo hapo, asipandishwe hata ngazi moja zaidi. Mimi nikaendelea na Stanzin na mkewe, nimekaa juu ya farasi nikisoma kila sura ninayoijua. Pumzi huko haitoshi. Unavuta, unavuta, kifua hakijai. Nilisema moyoni, Zein, hii ndiyo hewa uliyoifuata?

Tulipofika kwenye ule ukuta nilimgombeza Stanzin. Nilikuwa nimemwekea ugomvi tangu London. Nikamwuliza, kwa nini lazima upande mmoja, mnamwabudu nani kwenye mawe? Hakukasirika. Akaniambia ni dini yao, ndiyo. Kisha akanionesha chini. Akasema upande huu wanapita watu wote na farasi wote tangu babu zake, kwa hiyo jiwe likiporomoka leo, kesho mtu analirudisha. Upande ule hapiti mtu, kwa hiyo hakuna anayejua umebaki vipi. Alimkataza Zein, Zein akamwambia asijali. Mke wa Stanzin alikuwa analia na mimi wala hanijui.

Nikasimama mwisho wa ukuta, pale walipomngojea. Nikangoja na mimi. Nilimwita, Shangazi, kwa sauti ile tuliyokuwa tukimwita aje kula, akiwa bado yuko kwenye mpira na magoti yote vumbi. Nikajiona mjinga. Nikaita tena.

Wewe ulikuwa umesema mganga amekwambia yuko hai, yuko kwenye nyumba ya mawe, anatunzwa na watu wenye nguo nyekundu. Watawa wa kule kweli wanavaa nguo nyekundu, ndiyo maana lile neno lilinitia kichaa hata mimi. Nilikwenda kwenye nyumba yao. Wakanipa chai ya chumvi na siagi, nikainywa kwa adabu, Mungu anisamehe uso niliokunja. Nikawaeleza kisa cha mganga, Stanzin akawafasiria. Hawakunicheka. Wakanifungulia kila mlango, Shangazi, vyumba, jiko, mpaka ghala la shayiri. Nilitazama hata nyuma ya magunia. Hayumo. Kulikuwa na taa ndogo zinawaka kwenye ukumbi wao, wakaniambia moja wamewasha kwa ajili yake. Sikuwaambia waizime.

Niliporudi Asad aliniuliza, kwa Kiingereza chao hicho, kama baba yake bado yuko mlimani. Nikamwambia ndiyo. Akarudi kwenye katuni zake. Sikusema uongo, lakini sijamwangalia usoni vizuri tangu siku hiyo.

Nikamwendea shehe wa msikiti wetu. Nilimuuliza kwanza habari ya sala, akasema kwa mto ule na baridi ile hakuna shaka tena, tumsalie sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo, na mke akae eda. Halafu nikamuuliza lililokuwa likinikereketa: mtu akipita kando ya ukuta ule kama wanavyopita wao, bila nia ya ibada, anafanya dhambi? Akasema kutembea ni kutembea, nia iko moyoni. Nikamshukuru. Nilipofika kituo cha basi nililia mpaka mwanamke mmoja akaninunulia maji.

Sasa nikwambie nini? Ningekuwa karibu ningekushika mikono, pengine nikakwambia huna kosa, na wewe ungejifanya umeamini. Lakini unanijua, mie sijui kumpaka mtu mafuta. Ulimuusia kama mama anavyousia. Yeye akashika usia wako, kwa kuwa anakupenda na kwa kuwa ni mbishi. Ardhi ikameguka. Yote hayo ni kweli, sijui namna ya kuyatenganisha, na sidhani kama kuna anayejua. Sitakudanganya kwamba litakuja kuwa jepesi. Mimi ni binamu yake tu, na kila asubuhi naamka nalo.

Ila kumweka hai hakumrudishi. Kunamweka pale pale njiani, hajafika, hajarudi, na Miska hajawa kitu. Hakuna atakayempata. Theluji ikiyeyuka mto ndio unazidi maji, Stanzin mwenyewe kasema hivyo. Hakuna kaburi la kwenda kulisomea. Mimi nimekata tamaa, Shangazi. Nimekata kabisa, na nakuomba na wewe ukate.

Tumekubaliana kumsalia Ijumaa ya mwanzo baada ya Abdulwakil kurudi, ukiridhia. Dhiren ameomba aje asimame nje ya msikiti, nami nimemwambia aje. Shehe anataka apelekewe jina alitangaze kabla ya sala, marehemu fulani mwana wa fulani. Karatasi imekaa juu ya meza ya Miska. Kila tukikaa kuandika tunaandika Zein, na lile neno la mbele yake hakuna aliyethubutu kuliandika. Miska kaniachia mimi. Mimi nimeliandika hapa nikilitaja tu, kulitia mbele ya jina lake mkono umekataa.

Nisalimie Mjomba Nadim na watu wake wote. Nisalimie Bi Salma jirani, mwambie mtandio aliouagiza Abdulwakil anao begini. Wasalimie na wote wanaokuja kukutazama, na usiwafukuze wakikuletea uji. Mwenyezi Mungu akupe subira, akuhifadhie macho yako na miguu yako, na akulaze usingizi hata kidogo.

Shangazi, chini ya jina langu nimekuachia nafasi. Wewe ndiye uliyempa jina siku ya saba. Liandike kamili kwa mkono wako, na hilo neno mbele yake, umpe Abdulwakil aje nalo. Ukiirudisha karatasi na nafasi hiyo iko tupu, sitakulaumu. Tutaelewa, na hatutasali.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na nikuogopaye,

Faridah