Kilo Hamsini na Mbili Usukanini

Shikamoo dada Rehema,

Nakuandikia nikiwa bado natetemeka, na si kwa baridi ya Washington. Leo chuo chetu kilishindana na vyuo vingine kupiga makasia katika Mto Potomac. Asubuhi mshika usukani wa mashua yetu akaugua. Kocha akaniona nimekuja kutazama, akaniuliza kilo zangu, maana mshika usukani sharti awe mwepesi; nikasema hamsini na mbili, kisha nikajigamba kwamba mtu wa Ukerewe haogopi maji. Wewe unajua nilivyokuwa natapika kila tulipovuka kwenda Mwanza!

Wapiga makasia wanane, majitu matupu, hukaa wakiipa mgongo njia. Anayeona mbele ni mimi tu. Nguzo ya daraja ilipotujia, Kiingereza kikanitoka chote. Nikapiga ukelele, "Kulia! Kulia jamani, tunakufa!" Wakadhani nawahimiza, wakavuta kama wenda wazimu, nami nikavuta kamba ya usukani. Tuliikosa nguzo kwa shubiri moja, tukamaliza wa pili.

Jitu moja likaniuliza, "Kulia maana yake nini?"

Nikajibu bila haya, "Ni neno letu la ushindi."

Sasa wanalitaja kwa kelele chuo kizima. Nibusie mama, lakini habari ya nguzo mfiche.

Mdogo wako akupendaye,
Juma