Nyumba Yetu Haikujengwa na Mwarabu

Jumamosi, mwanzoni mwa Novemba. Mvua ya kwanza imenyesha alfajiri, fupi tu, na mtaa mzima unanukia udongo. Nimekaa barazani na simu yangu, cherehani nimeifunika, na nina furaha kiasi kwamba sijui nianzie wapi.

Nianze na uongo wangu.

Mtaa wetu huu wa nyuma ya soko ni wa zamani kuliko reli. Kuna msikiti mdogo mweupe, inafuata nyumba ya Mhindi yenye roshani ya mbao iliyoinama upande, kisha maghala mawili ya nafaka, kisha sisi. Nyumba yetu ni ya udongo, na kuta zake ni nene hata joto la Oktoba huishia mlangoni. Nashona hapa barazani tangu nilipomaliza shule. Wageni wanaotoka kuangalia tembe ya Kwihara, ile nyumba ya kale ya makumbusho, hupita na kuniuliza nani aliijenga hii yetu.

Mara ya kwanza nilijibu kwamba ni Mwarabu mmoja, mfanyabiashara wa pembe za ndovu. Nilibuni papo hapo. Mgeni akapiga picha nyingi, nami nikajiona mtu. Basi nikaendelea. Mwaka uliofuata Mwarabu wangu alikuwa na jina, lake na la baba yake. Baadaye nikampa ghala la pembe kwenye chumba cha nyuma, kile tunachowekea majembe. Mwisho nikamwoza mke kutoka Maskati, mrembo, mwenye kupenda manukato.

Ukweli ni kwamba sikujua chochote. Marehemu baba kila alipoulizwa alijibu "tumeikuta" na kubadilisha mazungumzo. Nami niliziona kuta zile nene na lango lile pana, na haikunijia hata siku moja kwamba mtu wa kwetu angeweza kuzijenga. Hilo ndilo linaloniuma.

Leo uongo umenirudi. Kaka yangu Shabani, mwenye malori mawili yanayopeleka mchele Dodoma, alikuja asubuhi na fundi wa kupima. Anataka tubomoe, ajenge fremu za maduka. Nyumba ni ya urithi, yetu sisi wawili na shangazi Tausi, dada yake baba, na bila sahihi zetu sote haibomolewi. Nilimsihi kaka. Nikamwambia hii ni nyumba ya ukoo.

"Ukoo gani, Mwajuma?" akasema, wala hakukasirika. "Si wewe unayewaambia watu kila siku ni ya Mwarabu? Mimi sibomoi kitu cha babu yangu."

Silaha aliyonipigia nilikuwa nimeinoa mwenyewe.

Shangazi alifika kwa bajaji kutoka Ipuli saa nne hivi. Tukamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaketi na kumsikiliza fundi akieleza wataanzia wapi. Fundi alisema ataanza na ukingo wa udongo uliotokeza kwenye ukuta wa nje, usawa wa bega, maana unamzuia kupima. Mimi hupanga rili zangu za uzi pale. Siku zote nilidhani ni pambo.

Shangazi akamwambia Shabani alete gunia la mchele kutoka kwenye lori, alibebe begani, atembee hadi ukutani.

"Haya, tua mzigo," akamwambia.

Shabani akasogea, akautelezesha mzigo kwenye ukingo. Hakuinama. Akapumua, akaingiza bega tena chini ya gunia, akaondoka nalo bila kusaidiwa na mtu.

"Mwarabu gani angejua bega linachokaje?" shangazi akasema. "Hii aliijenga babu yangu, Mihambo. Mpagazi wa misafara ya pembe. Amekwenda Bagamoyo na kurudi, si mara moja wala mbili. Nilimkuta mzee sana, bega la kulia lina sugu ngumu kama kisigino. Baba yenu alichekwa shuleni, mjukuu wa mpagazi, ndiyo maana hakupenda kutaja, akatukataza na sisi."

Kisha akamtazama kaka. "Na wewe na malori yako, unadhani kazi ya kubeba umeitoa wapi?"

Fundi akacheka. Shabani hakucheka. Alikuwa anaupapasa ule ukingo taratibu, na nikaona umelika katikati, umelainika, kwa mizigo ya watu ambao hatutawajua kamwe. Mihambo aliuweka nje, upande wa njia. Aliyepita alitua, akapumzika, akaendelea na safari yake bila kubisha hodi. Mtu aliyebeba mizigo ya wengine ujana wake wote alirudi, akajenga nyumba ya kushindana na za matajiri, na bado akawakumbuka wenzake walioko njiani.

Nililia. Siyo kwa huzuni.

Shangazi alikataa kutia sahihi, nami nikakataa. Shabani akamwambia fundi akapime uwanja wa nyuma, kule tunakoanika mahindi. Fremu zitajengwa huko. Mbele hapaguswi. Alipoondoka aliniomba nimpige picha akiwa amesimama kando ya ukingo, yeye asiyependa picha.

Jumatatu mwalimu wa historia wa sekondari moja ya hapa mjini analeta wanafunzi wake, kama mwaka jana. Mwaka jana waliandika kwenye madaftari yao yote niliyowaambia kuhusu Mwarabu na mke wake wa Maskati. Nitaanza kwa kuwaomba radhi, na najua nitaona haya. Jina la mtu asiyekuwepo nililitunga kwa dakika moja. Jina la babu wa baba yangu nimelisikia leo, nikiwa na miaka arobaini na minne.

Nitawaambia walifute lile, waandike Mihambo.