Kibuyu Nilichosugua kwa Sabuni

Wanjiru wangu,

Huku mtaani Section 58 tuko wazima, na guka, babu yako, anakusalimu kutoka kwa sukuma wiki zake.

Filamu yako ya maisha ya huko Kanada tumeitazama mara mbili. Unaniuliza kama uondoe pale unapotupa kabeji chachu uliyoletewa na jirani Mkorea ukidhani imeoza, kwa sababu unaona aibu.

Nilipoolewa Molo kutoka Nyeri, jirani yetu Mama Chebet aliniletea kibuyu cha mursik, yale maziwa lala ya Wakalenjin. Niliona weusi wa makaa ndani, nikadhani ni uchafu, nikamwagia mbwa. Halafu nikasugua kibuyu kwa sabuni mpaka ile harufu nzuri ya moshi ikaisha. Nilipomrudishia, Mama Chebet alikinusa. Kesho yake aliniita kwake, akanionyesha vile kibuyu hupakwa makaa upya. Miaka ikapita, na yeye ndiye aliyempokea mama yako mikononi alipozaliwa.

Hiyo ya sabuni sijawahi kumwambia mtu, hata guka wako. Wewe yako umeiweka mbele ya watu wote. Usiiondoe. Umenishinda kwa ujasiri, na leo nimetembea mpaka mtaa wa Free Area nikiwaambia watu wewe ni wa kwangu.

Shosho wako