Tango Mbele ya Tanuri

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, tena kwenye kiti chenye mgongo, maana nasikia siku hizi kusimama kunakushinda. Mimi bado navuta pumzi. Hali yangu utaisoma huko chini; kwanza niache nimalize hasira.

Mwanao alipita hapa jana. Alinieleza ulivyoanguka mbele ya tanuri, trei ya mikate mkononi, na kwamba mkandaji unga mwenzako asingekudaka kwa mshipi wa aproni, uso wako ungeishia kwenye chuma cha moto. Ati ulipozinduka hukuuliza umeumia wapi, uliuliza kama mikate imeungua. Nilicheka, halafu nikawaka. Unashindia tango na maji ya ndimu, chakula cha jioni umekifuta, kisha unaamka alfajiri mbichi kukanda unga! Huo ni mwili au gunia tupu?

Kupungua si kosa. Daktari alikwambia magoti yako yamechoka kukubeba, na alisema kweli. Lakini alisema upunguze, hakusema ujifute. Karani anayekaa kutwa ana mlo wake. Wewe unayebeba trei na kumwaga jasho una wako. Ukitoka kwenye tanuri, kula, tena kula kweli: maharage, mboga, yai. Sukari ya chai unayoirundika kama mchanga wa ujenzi, ipunguze kidogo kidogo. Vile vipande vya mkate unavyoonja kila trei ikitoka, waachie wateja. Rudi nyumbani kwa miguu, magoti yakikubali. Utapungua polepole, na mwakani utakuwa bado unakula hivyohivyo bila kumnunia kila anayekusalimu. Mlo usioweza kuishi nao mwakani ni adhabu tu.

Mwanao anasema alikusihi haya yote, nawe ukamjibu aache ubishi, kwamba mimi dada yako, mwalimu mzima wa biolojia, nilishindia tango, na leo magauni yananipwaya kama msichana.

Hapo hasira yote niliyokuwa nimekuandalia wewe ilinigeukia mwenyewe.

Mdogo wangu, sijawahi kushindia tango. Siku ile uliponikuta mlangoni ukapiga vigelegele, ukasema nimependeza, ukadai siri, nilikuwa ndiyo kwanza natoka hospitali. Nina uvimbe tumboni, na wamesema hawana la kufanya. Sikuweza kukuharibia furaha ile. Mezani palikuwa na tango na nusu ya ndimu; nikavitazama, nikakutungia mlo papo hapo, nawe ukaondoka nao kama dawa. Majirani wananisifu mpaka leo, wananiuliza nafanyaje, na kila mara natamani kuwafukuza. Hivi hakuna hata mmoja anayeweza kutofautisha mtu aliyependeza na mtu anayekwisha? Lakini wao wametazama tu. Mimi ndiye niliyekufundisha uongo, na nusura ukuunguze.

Mshukuru mkandaji kwa niaba yangu, na mwanao umwambie alikuwa sahihi, usione aibu. Kisha njoo uniage, usichelewe. Nitakuuliza kwanza umekula nini, na ukitaja tango, sifungui mlango.

Akupendaye na aliyekukosea,
Dada yako